Mbuzi Niliyempa Jina la Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu hakuwa mtu wa kupiga hodi. Alikuwa akifika mlangoni anakohoa mara mbili, kikohozi kifupi kikavu, kisha anaingia bila kungoja jibu. Kwa hiyo siku ile nilipokuwa nimejilaza mkekani baada ya chakula cha mchana, nikasikia mtu anakohoa mara mbili, sikushtuka. Nilikunja miguu apate njia. Ndipo nikakumbuka kwamba tulimzika miaka minne iliyopita, kando ya nyumba yake, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliotupia udongo.

Aliingia, akavuta kigoda changu, akaketi. Alikuwa amevaa lile gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya harusi ya binti yake wa mwisho, si lile tulilomzika nalo. Nikafikiri, kumbe hata huko watu hubadilisha nguo. Akaziangalia sufuria zangu, akaziambia sufuria, si mimi, kwamba ugali wa nyumba hii siku hizi unanuka moshi. Kisha akaondoka. Nilipoamka kigoda kilikuwa karibu na mlango, na mimi hukiweka karibu na jiko.

Labda nilikisogeza mwenyewe asubuhi. Sisemi sikukisogeza.

Mimi ni Msabato, na kanisani tunafundishwa kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote, hawatembei. Naliamini hilo kabisa Jumamosi asubuhi nikiwa nimekaa kwenye benchi la mbele. Lakini Jumamosi ina mchana pia, na siku nyingine sita zina mchana wake, na mzee wa kanisa hajawahi kuja nyumbani kwangu saa nane akamkuta aliyekaa kwenye kigoda.

Kabla sijaendelea, niseme hili. Katika kurasa hizi sitaandika jina la mtu. Si kwamba nimesahau. Mimi ndiye ninayeyajua majina ya boma letu lote, waliopo na waliotangulia, hadi baba yake babu yake mume wangu na ndugu zake watatu, na hata yule shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mpaka akarudi kwa miguu. Watu hutoka mbali kuja kuniuliza. Lakini kwetu jina la marehemu ukilitaja bure, mwenyewe hugeuka akidhani ameitwa. Nikiwaandika wote hapa watakuja wote, na mimi sina sufuria ya kutosha. Naandika Kiswahili, ambacho nilikiokota sokoni Isebania nikiuza omena, dagaa wa ziwa letu, kwa watu wa pande mbili za mpaka, kwa sababu mama wa mtoto ninayemwandikia ni Mkuria na Dholuo, lugha yetu, kwake bado ni ya salamu tu.

Sasa nieleze kwa nini mke mwenzangu alizisemesha sufuria.

Yeye alikuwa mke wa kwanza, mimi wa pili. Alizaliwa kisiwani Takawiri, ambako mchanga ni mweupe kama unga, na maisha yake yote aliudharau mchanga wa watu wengine. Sote wawili tulikaushia omena pale pale ufukweni, kila mtu na nyavu zake kuukuu alizotandika chini, maana omena ya kuaminika hukauka juu ya wavu, haigusi ardhi. Siku moja mvua ilikuwa imekaribia, nyavu zangu zilikuwa zimejaa, na mashua ikaniletea ndoo nyingine sita. Nikafanya lile ambalo kila mwanamke wa omena amewahi kulifanya na hakuna anayekubali. Niliimwaga juu ya mchanga mtupu. Ikakauka upesi, nikaipeleka Isebania, na wiki iliyofuata mteja akanifuata hadi ufukweni akilalamika kwamba watoto wake wanatafuna mawe.

Mke mwenzangu alikuwa amekaa pale na wanawake wote. Hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Ukinunua omena ya mke mwenzangu, unapewa na mchanga wa kujengea nyumba."

Walicheka hadi mmoja akaangusha karai. Nami nikaacha kumsemesha siku hiyo hiyo. Tulikaa hivyo miaka kumi na mmoja.

Lakini kuishi boma moja bila kusema haiwezekani, kwa hiyo tulikuwa na kuku. Ng'ombe wakiingia mtama wake nilikuwa nasimama uani nasema, wewe kuku, mwambie mwenye nyumba ile ng'ombe wako shambani kwake. Naye anatoka anajibu, kuku, mwambie nimeshaona, nina macho. Kuku huyo alijua mambo ya nyumba yetu kuliko mume wetu. Tulipomchinja kwa ajili ya wageni, tulikaa siku nyingi bila mjumbe, hadi kifaranga wake mmoja akapata umri wa kupewa kazi. Mume wetu alikufa katika miaka hiyo. Hata kwenye matanga yake tulipanga mapishi kupitia kwa kuku, na mapishi yalikwenda vizuri.

Watoto hawakuhesabu ugomvi huo. Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu, alikula kwa mke mwenzangu zaidi kuliko kwangu, kwa sababu ugali wake haukunuka moshi, kama alivyoniambia mwenyewe bila haya.

Huyo mjukuu ndiye aliyekuja kuniita mke mwenzangu alipozidiwa. Alikuwa kijana mkubwa wakati huo, ana pikipiki yake ya boda. Alinikuta ufukweni, akasema bibi yule anakuita, ana neno la kukuambia wewe mwenyewe, si kupitia kwa kuku. Niliangalia mbingu. Kulikuwa na mawingu upande wa Homa Bay. Nikamwambia ngoja nianue omena kwanza. Na nilianua, lakini nilianua kama mtu anayechambua mchele, moja moja, nikitoa hata majani. Ile miaka kumi na mmoja ilikuwa imekaa mikononi mwangu. Acha angoje kidogo, nilisema moyoni. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa shuka.

Mvua yenyewe haikunyesha.

Basi, miaka minne ikapita kimya, hadi mjukuu wangu alipooa msichana wa Isebania na msichana huyo akapata mimba. Kwetu mke wa mjukuu ni mke mwenza wa bibi, kwa utani, kwa sababu mjukuu wa kiume ni mume wako mdogo. Msichana huyo aliipenda desturi hiyo siku ya kwanza tu. Kila akinipigia simu anauliza, "Mke mwenza, huko bado unamtaka mume wangu ama umemwacha?" Nami namjibu namtaka, lakini yeye ndiye amfulie.

Mimba ilipofika miezi saba ndipo kikohozi kile kikaanza kusikika mlangoni. Mara ya pili alipokuja, kifaranga wa kifaranga wa yule kuku wetu alikuwa amesimama kizingitini. Mke mwenzangu akaketi, akamwambia, "Kuku, mwambie huyo kwamba mtoto anakuja, na mimi katika boma hili sina anayeitwa jina langu."

Lilikuwa neno la kweli. Alizaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali, na watoto wao wamepewa majina ya upande wa waume zao. Akiondoka mtu wa mwisho anayemkumbuka, jina lake litabaki kwenye saruji ya kaburi tu, na saruji yenyewe imeanza kupasuka.

Na mimi nilikataa. Nilimwambia kuku kwamba kitukuu wangu wa kwanza hawezi kubeba jina la mtu aliyenivunjia soko. Lakini nikaogopa pia, kwa sababu anayeomba jina akinyimwa huwa hakai kimya. Nikafikiri siku mbili, nikapata akili. Mbuzi wangu alikuwa amezaa jike jeupe, zuri, lenye kelele. Nikampa yule mbuzi jina la mke mwenzangu.

Nilijiambia kwamba jina ni jina. Aliomba kuitwa, sasa ataitwa, asubuhi na jioni, tena na mtu anayemlisha. Nilikuwa peke yangu nyumbani, hakuna wa kuniuliza. Mbuzi alilishika jina kwa siku nne tu. Nikilitaja akiwa mwisho wa shamba anaitika na kuja mbio, jambo ambalo mwenye jina hakulifanya hata mara moja.

Alikuja siku ya tano, mchana kama kawaida, bila kukohoa. Alikaa kigodani akanipa mgongo. Akamwambia kuku neno moja tu, polepole.

"Mbuzi?"

Tangu hapo mfuniko wa sufuria yangu kubwa ulikuwa unaanguka kila siku saa nane. Nilitega panya. Sikupata panya.

Mtoto alizaliwa Migori mjini, msichana, mwenye afya, na siku ya kumi akaanza kulia. Alikuwa analia kuanzia chakula cha mchana hadi jua linazama. Ungeweza kurekebisha saa kwa kilio chake. Walimpeleka kwa daktari, akampima, akasema ni tumbo la watoto wachanga, litaisha lenyewe. Lakini halikuisha, na mama yake akakonda, macho yakaingia ndani, maziwa yakapungua. Mama mkwe wa mjukuu wangu, huko Isebania, akatuma ujumbe. Alisema mtoto anatafuta jina, na kama sisi watu wa ziwani hatulioni, apelekewe yeye Jumapili, kwao majina yapo mengi na watampa lao.

Hilo ndilo lililoniuma. Mtoto wa boma letu aende kupewa jina kwingine kana kwamba kwetu hakukuwahi kuzaliwa mtu. Tena mimi niliye na majina yote kichwani nikiwa hai. Mjukuu akasema wanakuja Alhamisi, Dani, uyataje yote. Dani ndiyo bibi kwa lugha yetu.

Walikuja na boda, mama nyuma na mtoto katikati, kilio kikitangulia pikipiki. Baada ya chakula tukakaa uani. Desturi ni nyepesi. Mtoto akilia bila ugonjwa, mkubwa wa nyumba anamtajia waliotangulia, mmoja mmoja, na likifika jina la yule anayemlilia, mtoto ananyamaza. Nikamweka magotini nikaanza.

Nilianzia juu kabisa, kwa wale wazee wa zamani wa ngozi na mikuki. Kilio. Nikashuka kwa yule aliyekuwa na mapengo ya mbele akipiga mluzi anaposema, kwa yule aliyezama na kuonekana siku ya tatu akitoka Mbita na viatu vipya, kwa mapacha waliogombania mke mmoja na kumkosa wote wawili. Kilio. Nikataja wanawake, yule wa tumbaku, yule wa sala ndefu, yule aliyewapiga chifu na karani wake kwa mwiko mmoja. Mtoto akalia hadi akawa mwekundu. Nikamtaja mume wangu mwenyewe, na hapo akalia zaidi, na sikumlaumu.

Nilifika mwisho. Nikasema hayo ndiyo yote.

Mke wa mjukuu alikuwa amefuata kwa vidole, kwa sababu ni mwalimu wa chekechea na hawezi kusikia orodha bila kuihesabu. Akaiangalia nyumba iliyofungwa upande wa pili wa uani, ile yenye bati la kutu, na kaburi lililo kando yake.

"Mke mwenza," akasema, "na mwenye nyumba ile umemsahau?"

"Mimi sisahau mtu," nikasema.

Na ilikuwa kweli, sikumsahau. Nilimruka. Nikaona aibu inanipanda kama maji ya kuchemka. Mfuniko wa sufuria ukaanguka jikoni. Mjukuu wangu alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake. Yeye ndiye aliyenifuata ufukweni siku ile. Aliniona nikichambua omena moja moja, na hajawahi kunitajia hata siku moja katika miaka minne.

Alisema, bila ukali, "Dani, ulichelewa mara moja. Usichelewe tena."

Nikainuka na mtoto, nikavuka uani. Magoti yangu hayapendi kutumwa, lakini yalikwenda. Nikasimama mbele ya ule mlango wenye kufuli, mtoto akinililia sikioni, nikalitaja jina la mke mwenzangu kwa sauti, lote, la kwao na la kanisani.

Mbuzi akaitika.

Alikuwa amefungwa nyuma ya ghala. Aliitika mara ya kwanza, akaitika mara ya pili, akakata kamba, akaja mbio akivuta kipande chake, akasimama miguuni pangu akiniangalia kama mtu aliyeitwa kula. Mtoto akanyamaza.

"Dani," akasema mke wa mjukuu, "mbona mbuzi anaitika?"

Nilieleza. Sikuwa na pa kujificha, nimesimama mbele ya mlango wa marehemu, mtoto mkononi na ushahidi unanitafunia leso. Mjukuu wangu alicheka hadi akashuka kwenye pikipiki akakaa chini. Mkewe hakucheka. Alimchukua mtoto, akamtazama, akasema hatujui amenyamaza kwa ajili ya jina ama kwa ajili ya mbuzi, na yeye hawezi kumwandikisha mtoto kwa kubahatisha. Tumjaribu tena.

Basi tulimfungia mbuzi jikoni, tukaziba dirisha kwa gunia, tukakaa tukingoja mtoto wetu alie. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumwona mama akiomba mtoto alie. Alipoanza, nilirudi naye mlangoni. Safari hii sikutaja jina kwanza. Niliona kwamba mtu uliyemnyima jina ukampa mbuzi, humwiti tu kama unayeita wa kukusaidia mzigo. Nilimsemesha yeye mwenyewe. Sikumtafuta kuku, ingawa alikuwa pale.

Nikasema, "Ile omena ilikuwa na mchanga. Ulisema kweli, nami nikakuchukia kwa kweli hiyo. Siku uliyoniita sikuwa na kazi. Nilikuchelewesha kwa makusudi, na sasa sijui ulitaka kuniambia nini. Mtoto huyu ni wako. Mwitikie mwenyewe."

Kisha nikalitaja jina, taratibu.

Mtoto aliguna kidogo, akageuza uso upande wa ile nyumba, akanyamaza. Jikoni mbuzi alikuwa anapiga teke sufuria, lakini hakuitika. Mke wa mjukuu akangoja, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, hadi ishirini. Kisha akaketi chini akafungua kifua chake, akamnyonyesha mtoto, na wote wawili wakalala pale pale ukutani kwa marehemu hadi jioni.

Mama mkwe alifika Jumapili akakuta jina lipo. Alilijaribu mdomoni mara mbili tatu, akasema ni gumu lakini linatembea. Tukampa yule mbuzi jike aende naye Isebania, zawadi ya kumshukuru. Hatukumwambia kitu. Nasikia kila wageni wa kutoka ziwani wakilitaja jina la mtoto, mbuzi ndiye anayeitika.

Mke mwenzangu hakuja tena. Mfuniko umetulia. Saa nane nikijilaza nakunja miguu kwa mazoea, napata njia tupu hadi mlangoni. Sikujua kwamba nitakuwa namngoja. Kigoda nakiweka karibu na mlango siku hizi, na ninakiweka mwenyewe, sitaki kumsingizia mtu.

Mama yake huniachia mtoto akienda kazini wakati yaya yuko likizo. Ana miezi minane sasa, mzito, na nikimbeba mgongoni nakumbuka kwamba mwenye jina hakuwahi kunibebea hata ndoo. Ugali wangu anautema. Wa mama yake anakula.

Juzi nilikuwa naye ufukweni. Omena ilikuwa juu ya nyavu, yote, hakuna hata moja iliyogusa ardhi, na yeye ameketi kando kwenye karai, akichota mchanga na kuuchunguza, akiukunjia uso. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Homa Bay. Kuku mmoja alikuwa anapita karibu yangu, na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, ukafunguka umwambie.

Nikamwacha kuku apite. Nikainama hadi uso wangu ukalingana na wa mtoto.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "mvua inakuja. Njoo tuanue."

Nikamfunga mgongoni kwa leso, nikaanua haraka haraka, kwa mikono yote miwili.